Kalsiamu ya Kitanda cha Saba

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatano, karatasi ya maabara iliyobandikwa juu ya kitanda cha saba ilisomeka 4.3. Ya jana yake ilisomeka 4.1.

Inspekta alizisoma zote mbili akiwa amesimama, kisha akazisoma tena akianzia ya pili. Mtoto aliyelala chini ya karatasi hizo alikuwa na umri wa wiki kumi. Kalsiamu katika damu ya mtoto wa umri huo haipaswi kuzidi 2.7. Mama yake, aliyetuhumiwa kuipandisha kwa kumzidishia matone ya vitamini D, alikuwa mahabusu tangu Jumapili saa tano asubuhi. Tangu hapo hakumgusa mtoto, hakumwona, wala hakumletea chochote.

"Mwizi yuko ndani, na kuku bado wanaibiwa," alisema Koplo nyuma yake. Kituoni walimwita Misemo, kwa kuwa hajawahi kuandika taarifa isiyo na methali.

"Basi ama wezi ni wawili, ama hakuna mwizi."

"Au banda lina tundu, afande."

"Andika na hilo."

Koplo alicheka, kisha akaona kwamba Inspekta anasubiri kalamu isogee. Akaandika. Yeye Inspekta alikuwa na jina lake pia, Rula, alilopewa mwaka wa kwanza kazini baada ya kupima urefu wa kidirisha ambacho mwizi alidai kupitia. Mwizi hakuwa amepita hapo. Jina likabaki.

Chati ya kulisha ilining'inia kwenye mguu wa kitanda. Tangu Jumapili mtoto alikuwa amepewa chupa ishirini na mbili, na kila mstari ulikuwa na herufi za muuguzi aliyempa. Maziwa yalitoka kwenye kopo lililofungwa kwa ufunguo ndani ya droo. Sampuli ya kopo hilo ilipimwa Jumatatu, ikaonekana haina kasoro.

Sista mkuu wa wodi alipita akisukuma toroli la dawa, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi.

"Rula, leo unapima nini? Umeshapima maziwa, umepima droo, bado mimi."

"Wewe utafuata. Sista, mbali na wauguzi, nani anamgusa mtoto?"

"Shangazi yake. Anakaa kwenye kiti hicho kutwa kucha kama mlinzi wa benki."

"Anashika chupa?"

"Chupa hapana. Kidole."

"Kidole vipi?"

"Kidole ni kidole, afande. Anakitia mdomoni mwa mtoto anyonye. Jana nimemwona mara mbili, nikamwambia akanawe."

Inspekta aliangalia kiti. Kilikuwa cha plastiki, tupu, na kanga iliyokunjwa juu yake. Shangazi alikuwa ameenda kuoga.

Walimhoji kwenye chumba kidogo mwisho wa ukumbi, walikohifadhi mizani ya kupimia watoto na ndoo za kudekia. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba wa mtoto. Baba mwenyewe alikuwa dereva wa lori, yuko njiani, simu yake haipatikani kwa siku ya tano. Aliyeiona chupa ya vitamini D kwenye mkoba wa nepi Jumapili asubuhi, na akaipeleka kwa polisi ikiwa bado ndani ya mkoba, alikuwa huyu shangazi.

"Mkoba wako uweke mezani, mama."

"Mimi? Mimi ndiye niliyewaita nyinyi!"

"Uweke mezani."

Koplo alitoa kitana, simu, vidonge vya presha, chaja, na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani ya kitambaa kulikuwa na kichupa kidogo cha kioo, robo tatu kimejaa.

"Nini hiki?"

"Maji."

"Maji gani yanafungwa fundo?"

Shangazi alimtazama Koplo, kana kwamba jibu lingekuwa rahisi zaidi kwa mwanamume kuliko kwa Inspekta, mwanamke mwenzake. "Maji na sukari, mwanangu. Mtoto hajapata choo siku nne. Tumbo gumu kama ngoma. Nikasema nimlainishie. Ningewaambia wauguzi wangenifukuza."

"Umempa mara ngapi?"

"Ncha ya kidole. Jumatatu mara mbili. Jana mara mbili."

"Jumapili?"

"Jumapili nilikuwa kwenu, nikiandika maelezo."

"Maelezo hayo ninayo. Umesema wifi yako alimpa mtoto chupa nzima ya matone."

"Nilisema *kama* chupa nzima."

"Imeandikwa 'chupa nzima'. Sahihi yako iko chini yake."

"Afande, mtu mwenye hasira haongei kwa rula."

Koplo alikohoa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Chupa ile ina mililita kumi," Inspekta alisema. "Niliipima Jumatatu kwa bomba la sindano. Zimebaki tisa na nusu. Tone moja kwa siku, kwa wiki mbili, ni kama nusu mililita. Wifi yako alisema alimpa tone moja kwa siku kwa wiki mbili."

"Anauza kwenye duka la dawa! Chupa moja ikipungua anachukua nyingine. Dawa anazijua kama mimi ninavyojua vitunguu. Mtoto anatapika wiki nzima, yeye anamtilia matone tu. Hata mjinga angeunganisha."

"Ulimwona akichukua chupa nyingine?"

"Sikumwona."

Kichupa kilipelekwa maabara saa tatu na robo, Koplo akikibeba mwenyewe. Majibu yalirudi baada ya dakika arobaini: sukari na maji. Mtu wa maabara aliongeza kwa mkono wake kwamba maji ya bomba la hospitali yana kalsiamu nyingi kuliko hayo. Inspekta alikata mstari juu ya maneno *wezi wawili* kwenye daftari, mstari mmoja ulionyooka, akaandika saa pembeni.

Saa nne na nusu Mkuu wa kituo alipiga simu.

"Kesho saa tatu yule mwanamke yuko mbele ya hakimu. Jalada liko tayari?"

"Kalsiamu imepanda, mkuu. Yeye yuko kwako."

"Sumu inakaa mwilini."

"Ingekaa, ingeshuka polepole. Imepanda."

"Amekiri, Rula. Nimesoma. 'Labda nilizidisha.' Maneno yake, Jumatatu jioni, mbele yako."

"Alisema 'labda'."

"Hakimu ataamua uzito wa labda," Mkuu alisema, akakata.

Daktari wa watoto alimkuta ukumbini saa tano na nusu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mikono mikubwa, aliyeanza kumhudumia mtoto Jumatatu baada ya daktari wa zamu ya wikendi kumaliza siku zake na kurudi kwenye kituo chake. Alishika bahasha iliyokwisha kufunguliwa.

"Kipimo cha vitamini D kimerudi kutoka maabara kuu. Damu ilichukuliwa Jumapili, kabla hamjamwondoa mama."

"Kiasi gani?"

"Cha kawaida. Hakijapanda hata chembe."

"Nieleze kama unamweleza Koplo."

"Mimi nimesoma," alisema Koplo.

Waliingia chumba cha daktari. Kulikuwa na picha ya eksirei imewashwa kwenye kisanduku cha mwanga ukutani: mkono wa mtoto, mdogo kama kijiko, mifupa yake haionekani vizuri. Daktari aliigusa kwa kalamu.

"Shingoni tuna tezi nne, kila moja kama punje ya mchele. Kazi yake ni moja, kulinda kalsiamu ya damu. Ikipungua, zinatoa homoni, na homoni inaiambia mifupa iachie kalsiamu. Ikizidi, zinanyamaza."

"Za mtoto huyu?"

"Zimenyamaza kabisa. Kwa hiyo si zenyewe. Hilo tulilijua tangu Jumatatu, na ndiyo maana sote tulisema matone. Vitamini D ikizidi, tezi zinanyamaza vilevile."

"Na vitamini D haikuzidi."

"Haikuzidi."

"Chakula hakina kalsiamu ya ziada. Nimepima kopo. Kidole cha shangazi kina sukari." Inspekta alisogelea picha ukutani. "Kwa nini mifupa hii inaonekana kama imefutwa na kifutio?"

"Kwa sababu kalsiamu imetoka humo."

"Basi haikuingia kutoka nje. Imehamishwa ndani ya nyumba ileile."

"Ndiyo."

"Kwa amri ya nani, kama tezi zimenyamaza?"

Daktari alikaa pembeni mwa meza. Aliongea na picha, si na Inspekta. "Kuna vitu vinavyotoa homoni inayofanana na ile. Ufunguo bandia. Kufuli halijui tofauti, linafungua. Kwa watu wazima tunaiona kwenye saratani. Kwa mtoto wa wiki kumi..."

"Kwa mtoto wa wiki kumi inatoka wapi?"

"Ikitoka, hutoka kwenye figo. Kuna uvimbe wa figo ambao mtoto anazaliwa nao. Ni nadra sana. Mimi nimeuona kitabuni tu."

"Umemgusa tumbo?"

"Kila siku. Ni gumu. Kalsiamu ikizidi, choo kinakuwa kigumu. Nilidhani ni choo."

"Ulidhani, au ulipima?"

"Nilidhani."

"Daktari wa Jumamosi yeye alipima?"

"Sijui aliandika nini. Faili lenu hilo."

"Sisi hatuna faili. Liko wodini."

"Liko wodini, kwenye kabati la Sista, limefungwa utepe," alisema Daktari. "Juu ya utepe kuna sahihi yako, afande. Tangu Jumatatu mimi naandika kwenye karatasi za muda."

Ndivyo hospitali ile ilivyofanya kazi, na hakuna aliyekumbuka nani alianzisha. Faili la mgonjwa likigeuka la polisi, liliondolewa kwenye toroli ili mtu asije akabadilisha neno. Askari alilifunga, akatia sahihi juu ya ufungo, na Sista akalitia kabatini hadi mahakama ilitake. Matibabu yaliendelea kwenye karatasi nyeupe zisizo na jalada. Lililoandikwa kabla ya ufungo lilibaki ndani ya ufungo.

Saa sita na dakika kumi, mbele ya Koplo na Sista, Inspekta alikata utepe kwa mkasi wa wodi. Alisoma kwa sauti saa na tarehe ya sahihi yake mwenyewe: Jumapili, saa nne na nusu asubuhi. Kisha akafungua ukurasa wa kwanza.

Fomu ya njano ilikuwa imebanwa kwa kibanio nyuma ya jalada. Ilitakiwa kwenda chumba cha ultrasaundi Jumapili mchana. Haikuwa na mhuri wa kupokelewa. Mwandiko wa daktari wa zamu ulikuwa mdogo na wa haraka, lakini ulisomeka: *Tumbo gumu upande wa kushoto. Choo? Uvimbe wa figo? Tafadhali pimeni haraka.*

Sista alivaa miwani, akasoma, akaivua.

"Jumapili saa nne na nusu nilikuwa natoa fomu za vipimo kwenye mafaili, kitanda kwa kitanda," alisema. "Nilikuwa nimeshafika la kitanda cha sita."

Koplo, ambaye hakukosa msemo hata msibani, alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mpelekeni sasa," alisema Inspekta.

Chumba cha ultrasaundi kilikuwa na pazia zito na feni iliyolia kila ikigeuka kushoto. Fundi wa mashine alipaka mafuta tumboni mwa mtoto, akaweka kipimio, akatafuta. Mtoto alilegea tu, macho nusu wazi, hakupinga baridi ya mafuta.

"Figo ya kulia hii. Sentimita tano. Nzuri." Alihamisha mkono. Akabonyeza kitufe, akabonyeza tena. "Ya kushoto siioni."

"Haipo?"

"Ipo, imesukumwa. Angalia pembeni hapa, kama kofia. Hiki kingine chote si figo."

"Ukubwa?"

"Sita nukta nne."

Daktari aliinama hadi pua yake ikakaribia kioo. Alipoinuka alikuwa ameshaanza kuongea na simu, akitafuta daktari wa upasuaji.

Walimaliza saa saba na dakika ishirini. Ukumbini Daktari alimpa Inspekta mambo matatu, naye akayaandika kwa mpangilio aliopewa. Uvimbe lazima utoke, pamoja na figo. Kwa kalsiamu ya 4.3 moyo unaweza kusimama mezani, kwa hiyo wangeishusha usiku kucha kwa dawa ya kuizuia mifupa isiachie kalsiamu, kisha wapasue kesho saa nne. Na bila sahihi ya mzazi hawaanzi.

"Homoni yenyewe mtaipima?"

"Kipimo hicho hakifanyiki hapa. Kikipelekwa nje, wiki tatu."

"Kwa hiyo homoni haijathibitishwa."

"Haijathibitishwa. Uvimbe ukitoka na kalsiamu ikashuka bila dawa, huo ndio uthibitisho nitakaokuwa nao. Isiposhuka, nimekosea."

Shangazi alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwao, kanga mkononi. "Mimi nitatia sahihi," alisema. "Mimi ni shangazi, mtoto ni damu yetu."

"Damu yenu haitoshi, mama," alisema Daktari. "Sheria inataka mzazi. Baba hapatikani."

"Basi nani?"

Inspekta alifunga daftari. "Yule mliyemleta kwangu Jumapili."

Alimpigia Mkuu wa kituo akiwa ngazini.

"Nataka kumwachia mtuhumiwa leo."

"Kwa ungamo lile jaladani?"

"Amekiri kitendo ambacho damu inasema hakikutendeka."

"Damu haisemi mahakamani."

"Daktari ataisemea. Ameandika na kutia sahihi."

Nyuma ya Mkuu kulisikika mlango wa chuma na mtu akiomba maji. "Na mtoto akifia mezani kesho, utaniandikia nini?"

"Saa na dakika."

"Muachie," alisema Mkuu. "Kwa jina lako, si langu."

Kituoni, mama wa mtoto alikuwa amekaa kwenye benchi la saruji la mahabusu, mgongo ukutani, blauzi yake imelowa sehemu mbili kifuani na kukauka na kulowa tena. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na maelezo yake ya siku tatu yalikuwa na kurasa kumi na moja. Askari wa zamu alifungua, akasimama pembeni.

"Kalsiamu ya mtoto imepanda," alisema Inspekta.

"Ngapi?"

"Nne nukta tatu."

Yule mwanamke alihesabu kitu kwa vidole, taratibu, kidole kwa kidole. "Mimi niko hapa tangu Jumapili."

"Ndiyo."

"Basi si mimi."

"Si wewe. Ana uvimbe kwenye figo ya kushoto. Alizaliwa nao. Daktari anaamini ndio unaoivuta kalsiamu kutoka kwenye mifupa."

Hakulia. Alitazama mikono yake, akaigeuza. "Tone moja kila asubuhi. Nilikuwa nahesabu kwa sauti. Mlivyoniuliza mara ya nne, nikaanza kusikia mawili. Nikasema labda."

"Nitaambatisha taarifa inayoeleza mazingira ya neno hilo."

"Mlijuaje uvimbe?"

"Daktari wa Jumamosi aliuhisi. Aliandika fomu ya ultrasaundi. Fomu ilikuwa ndani ya faili, na faili lilifungwa."

"Nani alifunga?"

"Mimi."

"Kwa muda gani?"

"Saa sabini na tatu na dakika arobaini."

Askari wa zamu aligeuza uso kwenye korido. Mwanamke alimwangalia Inspekta kwa mara ya kwanza tangu alipoingia, akamwangalia kwa muda, kama mtu anayesoma maelekezo kwenye boksi la dawa asiyoifahamu. 

"Kalamu," alisema yule mwanamke.

Alisoma fomu ya upasuaji mwanzo hadi mwisho, pamoja na mstari uliosema mgonjwa anaweza kupoteza maisha. Aliuliza kama figo moja inatosha. Inspekta alisema Daktari ameandika inatosha. Akatia sahihi. Saa kumi na dakika arobaini jioni jina lake liliandikwa kwenye kitabu cha wanaotoka, na Koplo akampeleka hospitali kwenye kiti cha mbele cha gari.

Alhamisi saa nne asubuhi kalsiamu ilikuwa 3.4. Mtoto aliingizwa chumba cha upasuaji. Saa saba na robo alitolewa, moyo unadunda. Uvimbe ulitoka mzima, ganda lake halikupasuka. Ulipimwa, ukatiwa kwenye ndoo yenye dawa na kubandikwa lebo. Inspekta alinakili uzito wake. Dawa ya kuizuia mifupa ilikoma hapo. Daktari alisema itabaki mwilini kwa saa kadhaa bado, kwa hiyo kipimo cha jioni hakitakuwa ushahidi. Cha asubuhi ndicho.

Alasiri hiyo Inspekta aliandika taarifa ya ukurasa mmoja kuhusu faili, utepe na fomu ya njano, akaweka jina lake mwanzoni na mwishoni. Mkuu wa kituo aliisoma akiwa amesimama.

"Hii haikuombwa na mtu."

"Hapana."

"Ikiingia jaladani, itakufuata mpaka unastaafu."

"Ipige mhuri, mkuu."

Mkuu alitafuta mhuri kwenye droo mbili, akaupata kwenye ya kwanza.

Ijumaa asubuhi mama wa mtoto alikuwa amesimama mbele ya kioo cha chumba cha uangalizi. Alikuwa hapo tangu Alhamisi mchana, na wauguzi walikwisha acha kumwambia akae. Benchini kulikuwa na shangazi, chupa ya uji mapajani, haijafunguliwa. Mara mbili alisema, "Wifi, kunywa." Mara mbili hakujibiwa. Inspekta alisimama karibu na mlango akiwa na daftari, kwa kuwa jalada lisingeweza kufungwa bila namba ya mwisho.

Saa mbili na nusu Sista alitokea mwisho wa ukumbi na karatasi. Hakukimbia, lakini viatu vyake vilisikika.

"Mbili nukta sita," alisema.

Mama hakugeuka kutoka kwenye kioo. "Soma tena."

"Mbili nukta sita, mwanangu. Wameipima mara mbili."

"Bila dawa?"

"Dawa ilikoma jana. Daktari ameiona, amesema ni ya mtoto mwenyewe."

"Ya kawaida?"

"Ya kawaida."

Mama wa mtoto akakaa sakafuni pale pale, miguu mbele. Inspekta alitazama saa yake, akaandika: 2.6, saa mbili na dakika thelathini na mbili.